Chupa Niliyoiweka Pembeni

Jumatatu, 5 Agosti

Chupa ya Tata imefika leo.

Nilijua itakuja. Mume wangu Luvuyo aliniambia tangu wiki iliyopita kwamba baba yake ameingizwa bomba kooni na wamemdokoa vipande. Lakini kuambiwa si sawa na kuishika mkononi. Chupa ndogo, dawa ya formalini, na chini yake vipunje vyeupe kama chenga za mchele. Baba mkwe wangu! Mtu mzima na ndevu zake na kiko chake, yumo mle.

Utaratibu wetu wa kupokea ni wa kishamba lakini mzuri. Mashine ya kuchapa namba imekufa tangu Machi, kwa hiyo tunaandika kwa penseli kwenye vijisanduku vya plastiki. Ili tusikosee, watu wawili husoma kwa sauti. Mmoja jina la kwenye chupa, mwingine jina la kwenye fomu. Yakipatana ndipo vipande vinahamishwa. Mimi nilikuwa na chupa. Sis' Nomabhelu alikuwa na fomu.

Nikafungua mdomo. Halikutoka.

Mwaka wa tatu huu mimi ni mke wa mwanawe, na sijawahi kulitaja jina lile. Makoti, mke wa mwana, halitaji jina la baba mkwe. Hata hapa siliandiki, na hakuna anayesoma hapa ila mimi. Wasichana wa mapokezi wananicheka — umesoma chuo, unavaa koti jeupe, unaogopa jina! Wacheke. Mama mkwe alinifunga kitambaa kichwani kwa mikono yake mwenyewe, akanipa na jina jipya, Nosapho, nikakubali. Zoleka ni wa huku kazini.

Sis' Nomabhelu naye aliolewa kule kule Mbizeni kwa wakwe zangu, miaka arobaini iliyopita. Kaangua kicheko: makoti kakwama! Akasema niiweke pembeni, tusome ya mwenzake kwanza, hiyo ya Tata ataisoma yeye mwenyewe baadaye. Nikaiweka pembeni. Nilikuwa nimeshaifungua.

Ya pili nikaisoma vizuri tu. Sindile Gxoyiya. Naye koo, naye wa siku ile ile. Mara simu ikalia, Sis' Nomabhelu akaenda kupokea, mimi nikahamisha vipande vyote, vya huku na vya huku. Aliporudi akatia tiki mbili. Namba 4417, Tata. Namba 4418, Gxoyiya. Tukaenda kunywa chai.

 

Jumanne, 6 Agosti

Nimezika vipande kwenye nta, nimevikata. Nyembamba kuliko karatasi ya sigara. Nilimwambia Sis' Nomabhelu akate yeye vya Tata, akasema mkono wangu ndio mwepesi, na kama angekuwa mkwe wake angetaka mkono mwepesi.

Jioni Luvuyo aliuliza. Nikamwambia bado. Akauliza tena wakati wa kula. Bado, Luvuyo!

Jumatano, 7 Agosti

MZIMA! Au karibu na mzima. Naandika nikiwa nimekaa juu ya ndoo stoo ya dawa, machozi yananitoka kama mjinga.

Dkt. Naicker aliniita kwenye hadubini. Hajui 4417 ni nani kwangu, sikumwambia. Jina langu la ndoa halimo kwenye karatasi za kazi. Akasema njoo uone rangi yako ilivyokaa, leo umejipita.

Ngoja niandike nilivyoona, maana nataka nisome tena kesho. Seli za umio hukaa tabaka juu ya tabaka, na chini yake pana sakafu. Nyembamba sana. Ni ya protini, kolajeni, na sisi tunaipaka kahawia ili ionekane. Saratani ikianza huanzia juu ya sakafu, inajaa humo humo ndani, na hapo bado unaweza kumwokoa mtu kwa kumkwangua tu. Ikishatoboa sakafu, imetoka. Kuna na rangi nyingine, ya protini ambayo ni kama gundi, inazishikanisha seli. Seli zinazotaka kutoka huiacha hiyo gundi kwanza. Zinaachiana mikono, halafu zinashuka moja moja.

4417: seli mbaya zipo, ndiyo. Lakini gundi ipo, na sakafu nzima, mstari wa kahawia kutoka huku hadi huku. Haujakatika popote.

4418, maskini. Sakafu imeliwa. Vijipande vya mstari tu, na seli zimeshamwagika chini kama mtama uliotobokewa na gunia. Dkt. Naicker alisema huyu bwana watamfungua wiki ijayo, watamtoa umio wote na kulivuta tumbo juu. Miaka sitini na tatu. Nikasema pole yake. Nilisema pole huku moyo unacheza!

Nimempigia Luvuyo kabla ripoti haijasainiwa. Najua si ruhusa.

Ijumaa, 9 Agosti

Mbizeni. Sikukuu ya wanawake, na wanawake tuko jikoni tangu alfajiri.

Wamechinja kondoo. Ukoo mzima upo. Mama anashukuru kwa sauti hadi majirani wa ng'ambo ya kijito wanasikia. Mimi nimejifunga shali mabegani, kitambaa hadi kwenye nyusi, napita nyuma ya nyumba kama inavyotakiwa, na kila ninapopita mtu ananibariki. Wanasema makoti ndiye aliyempima! Makoti wetu ana macho yanayoona ndani ya nyama!

Tata alikuwa na maneno. Aliwaambia wanaume zizini kwamba wale vijana wa hospitali walimtia kooni bomba la bustani, akadhani wanataka kumwagilia mahindi. Wakacheka hadi mmoja akamwaga bia. Bia yenyewe ni ya yale mahindi yenye ukungu. Mama huchambua — mazuri ya kupika, yaliyoota ukungu wa kijivu ya kutengeneza pombe. Nimeshamwambia madaktari wanausema vibaya ule ukungu, tena kwa ajili ya koo hasa. Akaniuliza kama hao madaktari wamewahi kulima.

Nilipeleka sinia la nyama. Nikapiga goti, nikatazama chini. Ndiyo maana niliona. Ukitazama chini unaona mikono ya watu.

Tata alitia nyama mdomoni. Akatafuna. Akatafuna sana. Akajipangusa mdomo kwa leso, na leso ikashuka chini ya benchi, na mbwa alikuwa pale anaingoja. Hakuingoja kwa bahati. Mbwa yule ameshazoea.

Mara ya pili hivyo hivyo. Hakumeza hata kipande.

Mtu mwenye sakafu nzima mbona hamezi?

Jumapili, 11 Agosti

Kidonda tu pengine. Bomba limemkwaruza. Luvuyo anasema baba yake amekonda kwa wasiwasi, sasa atanenepa.

Sijamwambia habari ya leso.

Jumatatu, 12 Agosti

Ee Mungu wangu.

Nimefika saa moja kabla ya wenzangu. Nikatoa fomu. Daktari wa bomba huandika amedokoa vipande vingapi, ni mstari mdogo pale chini, hakuna anayeusoma. Tata: vipande vitatu. Gxoyiya: vipande viwili.

Nikatoa vioo vya hadubini. Kwenye 4417, cha Tata, vipande viwili. Kwenye 4418, vitatu.

Nimehesabu mara sita. Nimehesabu kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nikaikumbuka ile meza. Chupa mbili wazi. Vijisanduku viwili wazi. Nimeiweka ya Tata pembeni — upande gani? Kushoto? Nilikuwa nimetazama mlangoni, namsikiliza Sis' Nomabhelu kwenye simu. Sikumbuki. Naapa sikumbuki.

Alipoingia nilimvuta stoo, nikamwonyesha. Akavaa miwani, akavua.

Akasema vipande huvunjika njiani. Viwili huwa vitatu.

"Na vitatu huwa viwili, Sis'?"

"Kimoja kimeganda kwenye kifuniko. Limeshatokea hilo."

Chupa tupu tunazitunza hadi ripoti ikae mwezi. Tukazishusha, tukafungua vifuniko, tukavitazama kwenye mwanga wa dirisha. Visafi. Vyote viwili.

Akakaa juu ya ndoo yangu. Alikuwa mtu mwingine kabisa. "Zoleka, nimebakiza wiki saba. Miaka thelathini na nne sijakosea hata kioo. Wiki saba! Unajua watauliza nini? Watauliza nani alitia tiki."

Nikasema najua.

"Na tutawaambia nini? Kwamba makoti aliona haya? Wazungu na Wahindi watuelewe hilo?"

Halafu akanishika mkono, akasema huenda ni kuvunjika tu. Huenda. Na kama ni kuvunjika, nitakuwa nimewavunjia watu furaha na nimemvunjia yeye uzee wake bure.

Huenda.

Jumanne, 13 Agosti

Sikusema. Mara mbili nilifika mlangoni kwa Dkt. Naicker. Mara ya kwanza alikuwa kwenye simu. Mara ya pili hakuwa kwenye simu.

Naogopa kila kitu. Naogopa kufukuzwa. Namwogopa Mama — nitamwambiaje, yule kondoo tulimla kwa kosa langu? Na kuna woga mwingine chini ya huo, mbaya zaidi, nauandika kwa herufi ndogo: nikinyamaza, karatasi ya Tata inabaki nzuri. Kana kwamba karatasi ndiyo inayomeza nyama!

Jumatano, 14 Agosti

Gxoyiya amekuja.

Saa nne hivi, watu wawili kwenye dirisha letu la mapokezi, mzee na binti yake. Wamepotea, wanatafuta pa kupigwa picha ya kifua. Analazwa kesho, anapasuliwa Ijumaa. Binti akanipa barua nimwelekeze, nikaliona jina. 

Mzee mwenyewe mrefu, kofia ya sufi, macho ya kuchekacheka. Ameshika andazi la mafuta kubwa kama ngumi, la pale getini. Binti akamwambia baba yake, "Tata, si wamesema usile vitu vigumu?"

"Wamesema kuanzia kesho. Leo ni leo."

Akaling'ata. Kavu, bila chai, bila maji. Nililitazama koo lake. Andazi likashuka. Akang'ata tena, likashuka. Akaona namtazama, akanikatia kipande. "Chukua, dada. Unanitazama kama hujala tangu juzi."

Nikalipokea. Nikalila mbele yake, ningefanyaje? Lilinikwama mimi.

Mtu huyu wanakwenda kumtoa umio Ijumaa. Watamfungua kifuani na tumboni. Binti yake alikuwa amebeba mfuko wenye kandambili mpya na taulo.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimesema.

Saa mbili na robo, kabla Dkt. Naicker hajavua koti la mvua. Nilisema nimesimama, yote kwa mkupuo mmoja: chupa, jina, simu, vipande, leso, andazi. Nilisema 4417 ni baba wa mume wangu.  Rangi ilikuwa inamtoka Dkt. Naicker usoni taratibu.

Akauliza nani mwingine anajua. Nikasema mimi peke yangu.

Mlango ulikuwa haujafungwa vizuri. Sis' Nomabhelu akaingia na kikombe chake cha chai mkononi. "Anadanganya, Daktari. Tiki ni zangu zote mbili. Mimi ndiye niliyemwambia aiweke pembeni."

Dkt. Naicker alitutazama kwa zamu. Akasema, polepole, kwamba kwao kuna bibi yake aliyekufa bila kumwita mumewe kwa jina hata siku moja, kwa hiyo anaelewa. Akasema tena kwamba kuelewa hakutatusaidia chochote, ripoti ya kosa ataiandika leo hii. Kisha akainua simu akaisimamisha operesheni ya Gxoyiya. Nilisikia daktari wa upasuaji anavyofoka kutoka upande wa pili, nikiwa mbali hatua tatu.

Kurudia bomba kwa wazee wawili ni wiki tatu za foleni, akasema Dkt. Naicker alipoweka simu. Tuna njia ya haraka ya kuanzia. Sikuwa naijua. Alinieleza hivi: seli za umio nazo huvaa alama ya kundi la damu, ile ile iliyo kwenye damu yenyewe. Zikiwa bado zimetulia juu ya sakafu, nyingi huwa nayo. Zikishaanza kuvamia, huivua, kama zinavyoiacha ile gundi. Kwa hiyo tusihangaike na kioo kibaya, hicho kinaweza kutudanganya. Tukipake kile kizuri, 4417. Dawa tutaazima kwa watu wa benki ya damu.

Gxoyiya ameshapimwa kwa ajili ya upasuaji. Ni O, hana alama ya A wala B. Na Tata?

Tata alikuwa akitoa damu miaka yote ya mgodini. Anajisifia hadi leo. Benki ya damu watakuwa naye kwenye kumbukumbu zao — lakini wanataka jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, kwa simu.

Sis' Nomabhelu akanyoosha mkono. "Nipe mimi nilitaje."

Nikamwambia hapana, ndivyo tulivyofika hapa.

Nilisimama ukutani, nikawapa mgongo wote wawili. Nikavuta kitambaa cha kichwani mbele, sijui kwa nini, Tata hakuwepo. Nikalisema. 

Dada wa kwenye simu akasema laini mbaya, rudia.

Nikalirudia. Dumalisile Ntlabati. Dumalisile Ntlabati, dada, umesikia sasa?

Ni kundi A.

Basi ni rahisi hivyo. Kahawia ya alama A ikitokea kwenye 4417, kipande ni cha Tata na karatasi yake ni ya kweli. Isipotokea, huenda kipande ni cha Gxoyiya, na Tata ndiye yule wa sakafu iliyoliwa. Dkt. Naicker anasema hata hapo watarudia bomba, lakini tutajua tumwahi nani.

Luvuyo nimemwambia leo. Alikaa kitandani na viatu miguuni. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Kwa hiyo tulikuwa tunasherehekea nini?" Halafu akatoka kwenda kumpigia mama yake.

Ijumaa, 16 Agosti

Saa nne na dakika ishirini. Naandika kwenye benchi la kupakia rangi, saa ya kengele mbele yangu. Kioo kimo kwenye dawa.

Wazee wote wawili wapo hapa. Dkt. Naicker aliwaita mwenyewe, alisema watu wasiambiwe mambo kama haya kwa simu. Wamekaa kwenye benchi moja la korido, nawaona kupitia kioo cha mlango. Mama yuko upande mmoja na blanketi lake, binti wa Gxoyiya upande mwingine na ule mfuko wa kandambili. Bado hawajaambiana ni nani na nani. Tata asubuhi alinipita bila neno, nami nikainama. Kisha akageuka, akamwambia Mama, ili nisikie mimi: "Mwambie makoti nasikia ameniita huko kwenye simu. Mwambie nimeitika."

Nimeshindwa kuzuia machozi. Sis' Nomabhelu ndiye aliyemalizia kuosha kioo.

Tangu jana naomba. Naomba kahawia. Leo saa kumi na moja alfajiri, nikiwa katikati ya kuomba, ndipo nilipogundua ninaomba nini. Kahawia ya Tata ni kifua cha Gxoyiya kupasuliwa. Siwezi kuomba tena. Alinipa andazi.

Kengele imelia. Kioo kimetoka. Dkt. Naicker amekiweka, ameinama. Bega lake moja liko juu kuliko jingine, hukaa hivyo akitazama kitu kigumu. Anasogeza. Anarudisha. 

Mimi sitaki kutazama huko. Natazama koridoni.

Wanazungumza, wale wazee. Wamegundua walifanya kazi mgodi mmoja, naona kwa mikono wanavyoonyesha — lifti inashuka, taa ya kichwani. Gxoyiya anacheka mdomo wazi. Binti amemenya chungwa. Gxoyiya amekata nusu, ameiweka yote mdomoni, imeshuka. Ile nusu nyingine amempa Tata.

Tata amepokea kwa mikono miwili. Ameshukuru. Ameigeuza, ameitazama. Gxoyiya kageuka kumwambia kitu binti yake, na Tata ameitia mfukoni.

"Zoleka," ananiita Dkt. Naicker. "Njoo."